Kwenda Ujerumani kutembea: visa, forodha na afya, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni wa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anayekwenda Ujerumani kwa muda mfupi: kumwona mtoto au ndugu, kuhudhuria harusi, maonyesho ya biashara au mkutano. Anayekwenda kusoma au kufanya kazi anaomba visa nyingine, aina ya D, na anaiomba kabla hajaondoka. Ushauri wa "we nenda tu na visa ya matembezi, utabadilisha hukohuko" usiufuate. Kwa kawaida haibadilishwi, na anayejaribu huishia kurudishwa nyumbani akiwa na rekodi mbaya kwenye mfumo.

Visa ya matembezi ni ya Schengen, aina ya C. Schengen ni eneo la nchi 29 za Ulaya zenye visa moja ya pamoja, kwa hiyo inakuruhusu kuingia katika nchi hizo zote, si Ujerumani peke yake, na kukaa si zaidi ya siku 90 ndani ya siku 180.

Hatua ya 1: Panga tarehe kabla ya kununua chochote

Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho wake ni siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15, lakini ubalozi unaruhusiwa kufika siku 45 faili likihitaji uchunguzi. Hesabu hiyo inaanza siku faili linapopokelewa. Siku za kusubiri miadi hazimo, na karibu na likizo za Juni hadi Agosti na za Desemba miadi hujaa mapema. Ukianza miezi mitatu au minne kabla, utafanya mambo bila presha.

Ichukue pasipoti uiangalie sasa. Iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, ibaki hai angalau miezi 3 baada ya siku utakayotoka Schengen, na iwe na kurasa mbili tupu. Ikiwa imebakiza miezi mitano na unataka kukaa mitatu, haifai. Omba mpya kwanza, maana visa hubandikwa kwenye pasipoti moja na fomu hujazwa kwa namba yake.

Jiulize pia kama Ujerumani ndiyo ubalozi wako. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, na siku zikilingana, kwa ile utakayoingia kwanza. Siku tano Berlin na nane Paris ni kazi ya ubalozi wa Ufaransa. Wapo wanaokimbilia ubalozi wenye foleni fupi, kisha wanashindwa kueleza kwa nini hoteli zote ziko nchi nyingine.

Tiketi usiilipie bado. Kinachotakiwa ni uhifadhi wa nafasi wa kwenda na kurudi. Ukinunua tiketi isiyorudishwa fedha halafu visa ikachelewa, hasara ni yako.

Hatua ya 2: Kusanya nyaraka zinazosema kitu kimoja

Hapa ndipo maombi mengi hufia. Mara chache ni kwa sababu karatasi imekosekana. Mara nyingi ni kwa sababu karatasi zinapingana. Barua ya mwajiri inasema likizo ni tarehe 1 hadi 21, uhifadhi wa ndege unarudi tarehe 28, bima inaisha tarehe 25. Anayesoma faili lako hakujui wala hana muda wa kukupigia simu. Anazo hizo karatasi tu.

Nyaraka za msingi ni hizi:

– Fomu iliyojazwa kwenye mtandao na kuchapishwa. Fomu ya Ujerumani, VIDEX, huwa na kurasa za mwisho zenye msimbopau. Chapisha kurasa zote. Watu huziacha hizo wakidhani ni mapambo, wanarudishwa mlangoni.
– Picha ya milimita 35 kwa 45, isiyozidi miezi 6. Mwambie mpiga picha ni ya visa ya Schengen; ile ndogo ya kitambulisho haikubaliki.
– Bima ya safari.
– Uhifadhi wa ndege, pamoja na uthibitisho wa mahali utakapolala kila usiku.
– Taarifa za benki za miezi mitatu ya karibuni, zenye muhuri.
– Uthibitisho wa shughuli yako nyumbani: barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara na tarehe za likizo, pamoja na hati za mshahara. Mfanyabiashara apeleke leseni, usajili na nyaraka za kodi.
– Kinachokufunga nyumbani: cheti cha ndoa, vyeti vya watoto, hati ya nyumba au shamba.

Nyaraka za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kijerumani. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa na ridhaa ya wazazi wote wawili, na wote wawili hutia saini. Mzazi mmoja akiwa amefariki, weka cheti cha kifo. Akiwa hajulikani alipo, weka amri ya mahakama kuhusu malezi. Maelezo ya mdomo hayatoshi.

Kuhusu benki, salio kubwa si hoja kuliko mwenendo wa akaunti. Mtu anayepokea mshahara wa shilingi 900,000 kila mwezi, kisha wiki moja kabla ya miadi inaingia milioni 12 kwa mkupuo, amejitia mashakani mwenyewe, hata kama fedha ni halali. Ikiwa ni za kikoba, za kuuza kiwanja au mchango wa familia, ambatisha mkataba wa mauzo, barua ya kikundi au hati ya benki ya aliyetuma. Ukurasa mmoja wa maelezo unatosha. Taarifa ya M-Pesa husaidia kuonyesha mzunguko wa biashara ndogo, lakini usiitegemee peke yake.

Majina nayo yalingane. Pasipoti ikisema Asha Juma Mwinyi na benki ikisema Asha J. Hamisi kwa jina la ndoa, weka cheti cha ndoa au hati ya kiapo mbele kabisa, ili swali lijibiwe kabla halijaulizwa.

Mwenyeji akikudhamini

Barua ya mwaliko ya kawaida inasema tu kwamba utapokelewa. Mwenyeji akitaka kubeba gharama zako, anatakiwa kutoa Verpflichtungserklärung, ahadi rasmi ya kisheria. Anaweka miadi kwenye ofisi ya wageni ya mji wake, Ausländerbehörde, akiwa na pasipoti au kibali chake cha ukaazi, hati za mshahara na mkataba wa pango. Ada ni euro 29. Hati halisi inakufikia wewe kwa posta au kwa mkono wa msafiri, nawe unaipeleka kwenye miadi pamoja na nakala. Iwe haijapitisha miezi 6 tangu itolewe.

Mwambie ukweli kabla hajasaini: anakubali kulipia malazi, matibabu, hata gharama za kukurudisha ukifukuzwa nchini, na serikali inaweza kumdai. Si karatasi ya kumsainia mtu uliyekutana naye mtandaoni. Wala haikuondolei wajibu wa bima na wa kuonyesha kwamba una sababu za kurudi nyumbani.

Bima

Sharti ni euro 30,000 angalau, ihusu nchi zote za Schengen, na igharamie matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani kwa ugonjwa au kifo. Tarehe zake zifunike kila siku ya ukaaji, ya kufika na ya kuondoka zikiwemo. Ndege ikitua saa sita na nusu usiku, siku ya kufika ni ile iliyoingia. Watu hukosea hapo.

Kisha soma isichogharamia. Bima nyingi za bei nafuu hazilipii ugonjwa uliokuwa nao kabla, hazilipii uzazi, na hukutaka upige simu kwao kabla ya kulazwa. Mwenye kisukari, presha au selimundu atafute inayotaja wazi kwamba inalipia hali ya dharura inayotokana na ugonjwa huo. Ni ghali zaidi, lakini usiku mmoja wa hospitali Ujerumani unaweza kupita bei ya bima hiyo mara nyingi.

Hatua ya 3: Siku ya miadi

Unakwenda mwenyewe. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima na euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Chini ya miaka 6 halipi. Hulipwa kwa fedha ya nchi unapoombea, na hairudishwi ukinyimwa. Kituo cha kupokea maombi huongeza ada yake ya huduma.

Utachukuliwa alama za vidole vyote kumi, isipokuwa watoto walio chini ya miaka 12. Alama hizo huweza kutumika tena kwa miezi 59, kwa hiyo kama uliwahi kupata visa ya Schengen ndani ya muda huo, itaje kwenye fomu. Mwenye mikono iliyochakaa kwa kazi ya shamba au saruji apake mafuta mikono siku chache kabla, kwani alama zilizofutika hukwamisha mashine. Siku yenyewe aende na mikono mikavu.

Ukiulizwa maswali, jibu kwa ufupi na kwa yale yaliyo kwenye faili. Usiongeze mipango ambayo haimo.

Hatua ya 4: Soma stika kabla hujatoka mlangoni

Chukua mfano huu. Umeomba safari ya tarehe 3 hadi 26 Agosti 2026. Stika inakuja imeandikwa: kuanzia 03-08-26, hadi 10-09-26, idadi ya kuingia 01, muda wa kukaa siku 24.

Wengi huona 10-09-26 wakafurahi kwamba wameongezewa wiki mbili. Hawajaongezewa. Hizo siku 15 ni nafasi ya kusogeza safari ikitokea dharura. Siku za kukaa zinabaki 24, popote utakapozianzia ndani ya kipindi hicho. Ukiingia tarehe 3 na kutoka tarehe 5 Septemba, umevunja sheria ingawa tarehe ya mwisho bado.

"01" maana yake unaingia mara moja tu. Ukitoka kwenda London kumsalimu dada, kurudi Ujerumani hakuna, kwa sababu Uingereza haimo Schengen. Kwa safari ya namna hiyo omba "MULT", yaani ya kuingia mara nyingi, tangu mwanzo. Aliyewahi kupata visa tatu ndani ya miaka miwili na kuzitumia ipasavyo, kanuni zinaelekeza apewe ya kuingia mara nyingi ya mwaka mmoja; baadaye ya miwili, kisha ya mitano. Pasipoti yake tu isiishe kabla.

Kwa mwenye visa ndefu, hesabu ya 90 kwa 180 hufanywa kwa kurudi nyuma: kila siku uliyopo, rudi siku 180 uhesabu ulizokaa. Siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Aliyeingia 1 Machi na kutoka 29 Mei amemaliza 90. Siku ya kwanza anayoweza kurudi ni 28 Agosti.

Ukinyimwa

Utapewa fomu yenye sababu zilizotiwa alama. Inayoonekana sana ni mashaka juu ya nia yako ya kuondoka kabla visa haijaisha, au lengo la safari kutothibitishwa. Kwa Ujerumani, ile njia ya kuandika barua ya pingamizi kwa ubalozi bila malipo ilifutwa duniani kote tangu 1 Julai 2025. Kilichobaki ni kufungua kesi katika mahakama ya utawala ya Berlin, ndani ya muda uliotajwa kwenye barua yako, au kuomba upya. Kwa safari ya wiki tatu, kuomba upya ndiyo njia ya maana, ila si kwa karatasi zilezile. Rekebisha sababu iliyotiwa alama, lipa tena, na usifiche kwamba ulinyimwa, wanaona.

Hatua ya 5: Njia na mizigo

Ukipitia Amsterdam, Paris au Zürich, ukaguzi wa pasipoti unafanyika huko, si Ujerumani. Acha nafasi ya angalau saa mbili kati ya ndege na ndege. Ukipitia London, visa ya Schengen si kibali cha Uingereza. Angalia sharti lao la kupita. Wenye pasipoti ya Kongo-Kinshasa wana jambo la ziada: hata wakipita tu kwenye kiwanja cha Schengen kwenda nchi nyingine, wanahitaji visa ya kupita, aina ya A, isipokuwa wawe na kinachowasamehe, kama visa hai ya Marekani au Kanada.

Kwenye mzigo, kinacholeta machozi ni chakula cha mama. Nyama na maziwa kutoka nje ya Umoja wa Ulaya hairuhusiwi kabisa, hata kidogo: nyama ya kukausha, sambusa za nyama, samli, mtindi, jibini. Maziwa ya unga ya mtoto mchanga yasiyohitaji friji yanapita hadi kilo 2. Samaki ana unafuu: dagaa wakavu na samaki wa kukaushwa wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa mtu, na mbichi awe ametolewa matumbo. Asali mwisho kilo 2. Matunda na mboga mbichi zinadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa matunda matano: ndizi, nanasi, nazi, tende na duriani. Kwa hiyo embe, parachichi, pilipili mbichi na matembele yaache. Unga, iliki, karafuu na mdalasini mkavu havina shida, vikiwa kwenye pakiti yenye jina.

Miraa ni dawa ya kulevya kwa sheria ya Ujerumani. Si suala la kutozwa ushuru, ni kesi ya jinai. Pembe za ndovu, gamba la kasa na matumbawe yaliyookotwa pwani pia vitakutia matatani. Fedha taslimu za euro 10,000 au zaidi zitangazwe. Zawadi zinasamehewa ushuru hadi thamani ya euro 430 kwa msafiri wa ndege.

Dawa zako beba kiasi cha matumizi binafsi, kisichozidi miezi mitatu, ndani ya boksi zake, pamoja na cheti cha daktari kinachotaja jina la kitaalamu la dawa, maana jina la kibiashara la Dar es Salaam huenda halijulikani Hamburg. Dawa kali za maumivu za jamii ya mofini zina sharti gumu zaidi: cheti maalumu cha daktari kwa kipimo kisichozidi siku 30. Insulini na dawa za kila siku ziwe mkobani. Sanduku likipotea unabaki na uhai wako mkononi.

Hatua ya 6: Mpakani

Visa haikuhakikishii kuingia. Afisa anaweza kuuliza tena. Weka mkobani nakala za bima, tiketi ya kurudi, anwani na simu ya mwenyeji, na ushahidi wa fedha. Vikiwa kwenye sanduku lililo kwenye mkanda upande wa pili, havikusaidii.

Tangu 12 Oktoba 2025 muhuri wa pasipoti ulianza kupisha mfumo wa EES, unaoandika kidijitali kila kuingia na kutoka, na ulipangwa kukamilika kote ifikapo 10 Aprili 2026. Mwenye visa hupigwa picha ya uso; vidole vyake tayari viko kwenye mfumo wa visa. Mfumo unahesabu siku wenyewe, kwa hiyo zile hadithi za "muhuri haukuonekana vizuri" zimekwisha. Tunza kadi ya kupandia ndege ya kurudi, iwe ushahidi wako endapo kutoka kwako hakukuandikwa.

ETIAS unayoisikia, kibali cha mtandaoni cha kuingia Schengen, haikuhusu ukiwa unahitaji visa. Ni ya wenye pasipoti zisizodaiwa visa, kama ndugu waliochukua uraia wa Uingereza au Kanada.

Hatua ya 7: Afya

Ujerumani haidai chanjo yoyote wala kipimo cha VVU kwa mgeni wa muda mfupi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano beba hivyohivyo, kwa sababu nchi utakazopitia, au yako mwenyewe wakati wa kurudi, zinaweza kukidai. Tangu Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Hakikisha wewe na watoto mmechanjwa surua na pepopunda.

Jambo kubwa kuliko yote ni homa. Vimelea vya malaria ulivyoumwa navyo Tanga au Kisumu vinaweza kuamka ukiwa Köln, kuanzia siku ya saba hivi baada ya kuumwa na mbu, na mara nyingi ndani ya miezi mitatu. Daktari wa huko, hasa wakati wa baridi, atafikiria mafua kwanza, akupe paracetamol, akurudishe nyumbani. Andika sentensi hii kwenye karatasi uiweke pamoja na pasipoti: "Ich komme aus einem Malariagebiet." Maana yake, natoka eneo lenye malaria. Omba kipimo cha damu siku hiyohiyo. Mtoto na mjamzito wasingoje hadi kesho.

Namba za kushika: 112 ni ya gari la wagonjwa na zimamoto, 110 polisi. Usiku au wikendi, ukiwa unaumwa lakini si dharura ya kifo, piga 116117 upate daktari wa zamu. Simu isiyo na laini haiwezi kupiga 112 Ujerumani, tofauti na nchi nyingine, hivyo hakikisha laini yako inafanya kazi huko au nunua ya huko.

Dawa huuzwa Apotheke, duka lenye herufi A nyekundu. Hata paracetamol haipo dukani kwa mboga. Antibayotiki bila cheti cha daktari hupewi, hata ukibembeleza vipi. Jumapili zimefungwa, mlangoni pa kila moja kumebandikwa iliyo zamu, nayo huongeza euro 2.50.

Kwa matibabu madogo utalipa mwenyewe kwanza. Dai ankara yenye jina la ugonjwa na kila huduma, si risiti ya mashine tu, la sivyo bima haitakurudishia. Ukilazwa, piga simu ya bima siku hiyohiyo.

Baridi: kuanzia Novemba hadi Machi joto hushuka karibu na sifuri au chini yake. Vaa nguo nyembamba kadhaa badala ya koti moja zito, na viatu vyenye soli isiyoteleza. Ngozi hupasuka, paka mafuta mazito. Mwenye selimundu awe mwangalifu mno: baridi, kukosa maji mwilini na kukaa muda mrefu ndani ya ndege vyote huamsha maumivu. Anywe maji mengi, avae kofia na glavu, na aonane na daktari wake kabla ya kusafiri. Kwenye ndege, kila mtu asimame atembee mara kwa mara ili damu isigande miguuni.

Kiangazi kuna kupe kwenye nyasi na vichaka, hasa Bavaria na Baden-Württemberg, ambako hueneza virusi vya FSME vinavyoshambulia ubongo. Chanjo ipo kwa atakayekaa sana porini. Kupe hao pia hueneza ugonjwa wa Lyme kote nchini. Jikague mwili jioni. Ukimkuta, mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, bila kumpaka mafuta, na ukiona duara jekundu linalopanuka siku au wiki baadaye nenda kwa daktari.

Maji ya bomba ni salama. Ya chupa mengi yana gesi.

Ukiugua vibaya kiasi cha kushindwa kusafiri, visa inaweza kurefushwa, lakini ombi liende Ausländerbehörde kabla siku zako hazijaisha, likiwa na barua ya hospitali inayosema huwezi kupanda ndege na hadi lini. Kwa sababu usizoweza kuziepuka, kama kulazwa, hulipi kitu. Kwa sababu nyingine nzito za kibinafsi ada ni euro 30. Mwenyeji anaweza kukupelekea karatasi wewe ukiwa kitandani.